Jina la Fundi wa Nyuki Katika Taarifa Rasmi

Wadogo zangu wa chumba cha Taarifa Rasmi,

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, ili mtu aliyetumia maisha yake kuhesabu dakika za hotuba za wengine aanze kuhesabu za kwake. Nawashukuru. Inakwenda mbele kidogo, lakini sina pa kuwahi. Mkaniomba pia niwaandikie mambo machache ya kazi. Ya vyeo nayaacha, maana mnajua vilivyo vichache. Nitawaandikia siku za kwanza, nitamtaja Bi Tausi ambaye wengi wenu hamkumkuta, kisha nitawaeleza habari ya mzee mmoja wa Ng'ambo, Tabora, ambaye nusura nimfanye gaidi kwa sababu ya kujua kuandika vizuri.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Lusu, Nzega. Sekondari nilisoma Tabora mjini, nikikaa kwa shangazi yangu Ng'ambo, na kutoka hapo nikaenda chuo cha uhazili, kisha Bunge likanichukua niwe mwandishi wa yanayosemwa ukumbini. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kaseti moja, hedifoni ambazo sponji zake zilikuwa zimeliwa na masikio ya walionitangulia, na pedali ya mguu. Ukikanyaga mbele, mheshimiwa anasema. Ukikanyaga nyuma, mheshimiwa anarudia. Sidhani kama palikuwa na mahali pengine nchini ambapo karani angeweza kumrudisha mbunge nyuma mara saba bila kuandikiwa barua.

Bi Tausi ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani ya kamba, anayefumba macho akisikiliza. Aliniketisha akanipa sheria zake zote kabla sijavua hata koti.

"Leokadia, kazi yetu ni kumfuta mheshimiwa makamasi. Pua humbadilishi. Akisema 'kwa hiyo, kwa hiyo, kwa hiyo', weka moja. Akisema uongo, uache kama ulivyo, ule si wako."

"Na nisiposikia alichosema?"

"Usichokisikia hujakisikia. Andika 'hakusikika' ukanywe chai."

Nilidhani ananitania. Mwezi mzima nilirudia kanda mpaka mguu ukafa ganzi, nikitafuta maneno ambayo hata aliyeyasema hakuyajua. Mjue tu kwamba zamu ya mtu ni dakika tano za ukumbini na saa nzima ya kuzisafisha, na kwamba katika dakika hizo tano mheshimiwa atamshukuru Mungu, kiti, mkewe na wapiga kura wake, kisha kengele italia.

Kwa miaka mingi neno ugaidi lilitujia masikioni mara chache, na karibu kila mara lilimlenga mbunge wa upande wa pili. Kisha zikaanza habari za mabomu katika nchi jirani, na mauaji ya wanafunzi na watu waliokuwa sokoni. Hapo sifanyi mzaha. Kuna siku mheshimiwa mmoja mama alisimama kutoa pole akashindwa kumaliza sentensi, na mimi niliyekuwa zamu nikashindwa kuiandika. Hofu ile ilikuwa ya kweli.

Hatua zilizofuata nazo zilikuwa za kweli. Kwanza tulinyang'anywa miavuli getini. Bi Tausi alinyang'anywa sindano zake za kufumia, na fulana ya mjukuu wake ikakaa wiki mbili na mkono mmoja. Kisha ikaja semina ya siku mbili kuhusu kumtambua gaidi; siku ya pili ilikuwa ya vyeti. Mwishowe ukaletwa muswada wa marekebisho ya sheria, kwa hati ya dharura. Kwa mliokuja juzi, hati ya dharura maana yake ni kwamba jambo lililosubiri miaka sasa haliwezi kusubiri Jumatatu.

Mjadala ulianza asubuhi. Mheshimiwa mmoja mwanasheria aliuliza swali nililoliona la maana kuliko yote: tafsiri hii ya gaidi, itamgusa nani ambaye si gaidi? Alipewa dakika tatu. Aliyemfuata alitaka miwani ya jua ipigwe marufuku kwenye mikutano. Baada ya chakula cha mchana, saa ambayo ukumbi huwa na usingizi wa heshima, akasimama mheshimiwa ambaye jina na jimbo lake nayahifadhi, na bado mmoja wenu atabishana na mwenzake kuhusu nani alikuwa nani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "tunawatafuta hawa watu mbali wakati tunao hapa hapa! Nina picha kwenye simu yangu. Vijana wamevaa meupe toka juu mpaka chini, nyuso wamefunika, wako porini, wanatoa moshi! Moshi, Mheshimiwa Mwenyekiti! Na anayewafundisha anajulikana, yuko Tabora, pale Ng'ambo, fundi mmoja anaitwa Mauridi... Katopo... Kato..."

Kengele ikalia, kipaza sauti kikazimwa. Alikuwa ameleta na pendekezo lake: iwe kosa kwa mtu yeyote kufundisha kundi la watu waliofunika nyuso wakiwa porini. Jioni waziri alieleza kwa upole kwamba kifungu kama hicho kingewagusa hata mabibi harusi wanaopigwa picha msituni. Mheshimiwa akaondoa pendekezo lake, muswada ukapita, waliosema ndiyo wakashinda.

Dakika tano zile zilikuwa zangu. Nikaenda kuzisafisha, na nilipofika kwenye lile jina nikacheka mwenyewe. Mtu mwingine yeyote mle chumbani angeandika kwamba jina halikusikika. Mimi nilikuwa nimeishi hatua ishirini kutoka duka la mtu huyo. Fundi Maulidi Katobo alikuwa akitengeneza vifaa vya kurinia asali tangu mimi nikivaa sare ya shule: ovaroli nyeupe alizozishona mwenyewe, kofia zenye wavu wa kuzuia nyuki usoni, na mabomba ya moshi ya bati aliyoyalehemu uani. Kila msimu alikuwa na vijana anaowafundisha kurina bila kuchoma mizinga wala msitu. Ile picha ya kutisha ilikuwa ya darasa lake.

Basi nikaandika: Fundi Maulidi Katobo. R na L mahali pake, P nikaitoa nikaweka B. Niliona fahari kidogo, kama mtu aliyenyoosha picha iliyopinda ukutani kwa wenyewe. Nilidhani kila atakayesoma atacheka kama mimi. Sikujua kwamba anayecheka lazima kwanza awe anamjua Fundi Maulidi.

Miezi miwili baadaye nilikwenda nyumbani likizo. Kaka yangu wa Lusu, ambaye ana mizinga yake, aliniagiza kofia mbili za wavu, nami nikapita Ng'ambo. Duka lilikuwa wazi. Uani hapakuwa na mtu. Fundi alikuwa amekaa na cherehani iliyofunikwa kitambaa, kofia zimepangwa kwenye msumari mpaka darini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani huyu? Leo! Mtoto wa Bunge! Karibu, karibu. Siku hizi wageni wangu wanahesabika."

Nikamwuliza vijana wako wapi.

"Walikuwa tisa. Wazazi wao walikuja mmoja mmoja, wote wana adabu, wote wana udhuru. Mmoja akasema mwanawe anaumwa macho. Nikamwambia nimemwona jana anaendesha bodaboda."

Akanieleza mengine bila kupandisha sauti. Vikundi vya wafugaji nyuki vilivyokuwa vikimwagiza vifaa viliacha. Watu wawili waliochomekea mashati walikuja na daftari, wakauliza maswali kwa heshima kubwa, wakachukua bomba moja la moshi kwenda kulichunguza. Walilirudisha baada ya mwezi likiwa limesuguliwa masizi yote, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulifanya. Hao hakuwalaumu. Aliyemuuma ni jirani yake muuza mikeka, aliyekunywa naye kahawa kila asubuhi tangu wakiwa vijana. Siku hizi alikuwa akimsalimia kutoka ng'ambo ya barabara, kwa mkono.

"Ana haraka," fundi akasema. "Miaka yote hakuwa na haraka."

Kisha akatoa simu. "Wewe unafanya kazi huko huko, hebu nisaidie. Hii video ya mheshimiwa nimeisikiliza mara arobaini. Jina langu halimo. Sikiliza: Katopo. Katopo ni nani? Lakini kuna hii karatasi wanayotumiana." Akanionyesha picha ya ukurasa. Niliutambua kabla sijausoma, kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. "Hapa nimeandikwa mimi, vizuri kabisa, mpaka herufi ya mwisho. Sasa nakuuliza, nani aliwapa jina langu?"

Nikasema nitaulizia.

Nililipia kofia mbili nikatoka. Njiani kwenda stendi nilijikuta nimevaa moja kichwani, wavu umeshuka usoni, na wenye bajaji wananitazama.

Niliporudi kazini nilimweleza Bi Tausi kila kitu. Alifumba macho kama anasikiliza kanda.

"Ulisikia jina?"

"Nilisikia Katopo."

"Ukaandika Katobo."

"Namfahamu, bibi."

"Hukuulizwa unamfahamu nani." Mimi nilitaka aniadhibu, yangekwisha. Badala yake akasema, "Tukikibandua kile kipande leo, kesho watasema tunamficha. Karatasi yao wanayo."

Hatujamaliza, mlango ukagongwa, akaingia mheshimiwa mwenyewe. Alikuwa mpole, mikono ameishika mbele kama mtu aliyekuja kuomba ruhusa ya msiba. Ilikuwa hivi: jimboni kwake nako kuna wafugaji wa nyuki, wengi, wenye ovaroli nyeupe na kura. Walikuwa wamemwandikia.

"Dada zangu," akasema, "lile jina liondoeni. Mimi sikumtaja yule mzee. Mimi nilisema Katopo. Katobo mmemweka ninyi."

Nawaambia, katika miaka yangu yote sikupata kumsikia mheshimiwa akisema ukweli mtupu namna ile, na haukuwa na faida kwa mtu.

Bi Tausi akavuta faili. "Mheshimiwa, ulipelekewa rasimu uisahihishe. Hii hapa sahihi yako."

"Nilisaini, sikusoma."

"Hiyo nayo niiandike?"

Mheshimiwa akatazama dari. Lakini Bi Tausi hakuwa anamkomoa. Alifungua kitabu cha kanuni, akatugeuzia kwenye ukurasa ambao kwa usafi wake ulionekana haujawahi kuguswa. Raia anayeona jina lake limechafuliwa kwa maneno yaliyosemwa bungeni anaweza kumwandikia Spika ajitetee, na utetezi wake ukaingizwa kwenye Taarifa Rasmi. Mheshimiwa akasema hakujua kama kuna kanuni hiyo. Bi Tausi akamwambia aliipitisha mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Ng'ambo na kalamu. Fundi alivaa kanzu safi kwa ajili ya kuandikiwa barua, akakaa wima.

"Andika: Mimi si gaidi."

"Fundi, tusianze hivyo. Watalishika lile neno la mwisho tu."

"Tuanze na nini?"

"Anza na nyuki."

Akafikiri. Kisha maneno yakamtoka mfululizo, na hapo nikawa kazini kweli, maana sikuwa na pedali ya kumrudisha. Ninayo nakala, nawaandikia sehemu yake:

"Mheshimiwa Spika, nyuki wa huku kwetu ni wakali. Anayewaendea bila kufunika uso hurudi na uso ambao mkewe haujui. Meupe tunavaa kwa sababu nyuki hukasirishwa na rangi nyeusi. Moshi tunautoa ili watulie, na kama upo moshi wa kutuliza watu ningeomba kuletewa. Babu yangu alifika Tabora na msafara kutoka pwani akiwa amebeba mzigo wa mtu mwingine. Msafara ulipoondoka yeye akabaki, kwa sababu alionja asali. Tangu hapo katika ukoo wetu hakuna aliyemdhuru mtu, isipokuwa mimi, niliyemuuzia mteja kofia yenye tundu. Nilimshonea nyingine. Naomba jina langu liondolewe pale lilipowekwa. Kama haliwezi kuondoka, basi lisikae peke yake, liwekewe na nyuki wangu."

Alipomaliza akaniuliza tena, "Uliulizia? Nani aliwapa jina?"

"Tuweke sahihi kwanza, fundi," nikasema. Akaweka, kwa kalamu yangu.

Barua ilikubaliwa. Ilisomwa mchana mmoja baada ya kutambulishwa wageni wa waheshimiwa, ambao siku hiyo walikuwa wanafunzi na timu ya mpira wa pete. Nilibadilishana zamu na mwenzangu niwepo. Ukumbi ulikuwa umejaa nusu. Walipofika kwenye kofia yenye tundu wakacheka, kicheko kizuri, na timu ya pete nayo ikacheka huko juu. Walipofika kwenye yale maneno ya mwisho pakawa kimya kidogo, nami sikuwa na alama ya kuandika kimya, kwa hiyo hakimo. Mheshimiwa wetu akasimama akasema anaipokea barua ya mzee wake kwa moyo mkunjufu, na kwamba nia yake siku ile ilikuwa njema. Nikaandika vilevile. Nia njema nimeiandika mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Nilimpelekea fundi ukurasa ule wenye mhuri. Aliubandika mlangoni. Mteja wa kwanza kurudi alikuwa kikundi cha akina mama kutoka vijijini, ambao hawakuwa wamesikia habari yoyote. Walikuwa wamechelewa msimu tu. Vijana wanne kati ya tisa walirudi, na yule wa macho hakuwa miongoni mwao. Muuza mikeka alivuka barabara siku moja na birika lake kana kwamba aliondoka jana, na fundi akampokea kikombe bila kumwuliza alikuwa na haraka gani. Kwenye simu za watu ukurasa wa pili haukusambaa. Haukuwa na gaidi ndani yake, nani angeutuma? Ule wa kwanza bado unazunguka. Mwaka jana nilitumiwa na binamu yangu, akiniuliza kama huyu mtu namfahamu.

Nawaandikia haya kwa sababu nasikia mmeletewa mashine inayosikiliza na kuandika yenyewe, na kwamba isiposikia jina huweka lile inaloona linafaa. Mliniambia kwa furaha. Mimi ninaifahamu mashine hiyo, nimekaa ndani yake. Inaona fahari ikipatia. Kaeni nayo karibu, na ikiandika jina la mtu, kanyageni nyuma msikilize wenyewe, na kama halikusikika andikeni kwamba halikusikika.

Nimebaki na deni la maneno, na mkinisoma mpaka hapa mtataka kujua kama nililitoa. Nilipostaafu nilirudi Tabora. Wiki ya pili nilikwenda dukani kwa fundi, asubuhi, vijana wakiwa uani wanakata mabati. Bi Tausi alishafariki, na hakuna mwingine aliyejua. Ningeweza kunyamaza mpaka mwisho, na nililifikiria hilo barabara nzima.

"Fundi, uliniuliza nani aliwapa jina lako."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Mheshimiwa hakulitamka. Mimi ndiye niliyelisikiliza, nikaona namjua mtu, nikaliandika sawa."

Aliweka koleo chini. Uani makelele ya mabati yaliendelea, nikashukuru. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kama anayenipima kofia.

"Hukuniambia siku ya barua."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi ndiye niliyekuwa gaidi."

Akachukua koleo, akaliweka tena.

"Unajua mimi yule mheshimiwa nimemwombea dua mbaya miaka yote hii? Kila baada ya swala ya alfajiri. Si kifo, hapana, mimi si mtu wa hivyo. Maumivu madogo madogo tu, ya kumkumbusha. Kumbe nusu ya zile dua zilikuwa zako!"

"Nisamehe, fundi."

Akawa kama hakusikia. Alikuwa anakunja uso, anafikiri jambo.

"Hebu niambie. Magoti yanakusumbua?"

"Yanauma," nikasema. "Tangu mwaka juzi. Hasa kukipambazuka."

Fundi Maulidi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata risiti ya mzigo alioutuma zamani.

"Basi zilifika," akasema, akanisogezea kigoda nikae.